Namna ya Kuandika Insha ya Utashi Huru na Ulazima Bila Kuikimbia Hoja

Wanafunzi wengi wa saikolojia huku Nyanda za Juu Kusini huianza insha ya utashi huru na ulazima, yaani kama mtu huchagua matendo yake mwenyewe au huamuliwa na visababishi, kwa kunakili fasili mbili, huwapanga wanazuoni upande huu na upande ule, kisha humaliza kwa sentensi ambayo wasahihishaji wameizoea mno: "Kwa hiyo pande zote mbili zina ukweli." Mimi mwenyewe niliwahi kuiandika, na karatasi yangu ilirudi ikiwa na alama moja ya kuuliza kwa wino mwekundu pembeni mwa sentensi hiyo, bila neno lolote. Ilinichukua muda kuelewa kwamba msahihishaji hakuwa akibisha; alikuwa akiuliza ni ukweli gani, na kuhusu jambo lipi.

Anza basi na mtu. Mimi humtumia fundi baiskeli wa kubuni kutoka Kilolo, Iringa, ambaye mwezi Agosti alimwahidi mkewe kwamba ameacha ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, na kweli akakaa miezi kadhaa bila kuugusa. Mvua zikanyesha, mianzi ikaanza kugemwa, na jioni moja alipokuwa akipita karibu na kilabu, rafiki yake alimwita kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene!", akajisogeza kwenye benchi na kumwekea kopo la mkangafu, yaani ulanzi uliochacha na kuwa mkali. Fundi akaketi, akanywa. Insha yako yote ijibu swali moja tu: je, jioni ile angeweza kupita bila kuketi? Swali la kama binadamu yu huru ni pana kiasi kwamba kila jibu hulitosha, ilhali la fundi lina benchi, lina kopo na lina msimu.

Ukishamweka fundi mezani, mpe kila mwanazuoni nafasi ya kumweleza huyohuyo. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa tabia aliyetetea kwa nguvu mwaka 1971 kwamba uhuru wa ndani tunaojivunia ni dhana isiyoeleza kitu, angetazama salamu, benchi na raha iliyofuata kopo la kwanza miaka iliyopita, akasema tabia hiyo imeimarishwa na matokeo yake. Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, angetafuta chanzo katika mambo ambayo fundi mwenyewe hayajui. Aya fupi inamtosha. Kwa upande wa baiolojia, tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika uwezekano wa kupata uraibu wa pombe inahusiana na urithi, na hapa uwe mwangalifu: takwimu hiyo inahusu tofauti kati ya watu wengi, wala haisemi kwamba nusu ya kopo la fundi ilinywewa na jeni zake. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa mkondo wa utu, naye angemsikiliza fundi akieleza mwenyewe ahadi yake ya Agosti, kwa kuwa aliamini kwamba mtu anao uwezo wa kujielekeza.

Jaribio la mtafiti wa ubongo Benjamin Libet la mwaka 1983 haliepukiki, ila lieleze kwa usahihi. Washiriki walikunja kifundo cha mkono wakati wowote waliotaka, huku wakitazama nukta inayozunguka kwenye uso wa saa ili waseme ni lini waliitambua nia yao. Mabadiliko ya umeme katika ubongo yalianza takriban milisekunde 550 kabla ya mkono kukunjwa, lakini nia ilitambuliwa milisekunde 200 hivi kabla. Wanafunzi hukimbilia kuandika kwamba ubongo uliamua kwanza. Mwaka 2012 mtafiti wa ubongo Aaron Schurger na wenzake walitoa maelezo mengine, kwamba mabadiliko hayo yanaweza kuwa mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka mpaka yavuke kiwango fulani, wala si uamuzi uliokwisha kupitishwa. Zaidi ya hayo, kukunja mkono bila sababu yoyote hakufanani na kuvunja ahadi uliyoipa familia.

Ushahidi ulio karibu zaidi na fundi ni wa mtafiti Lee Robins, aliyefuatilia askari wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam. Miongoni mwa waliokuwa waraibu wa heroini huko, karibu asilimia 5 tu ndio waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Mtetezi wa ulazima atasema mazingira yalibadilika na tabia ikabadilika nayo. Mtetezi wa utashi atasema watu hao waliacha. Onyesha kwamba data ileile inadaiwa na wote wawili, kisha uulize ni nini kingewatofautisha.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na hapo ndipo insha nyingi huchanganya kusababishwa na kulazimishwa. Mwanafalsafa na mwanasaikolojia William James, katika mhadhara wa mwaka 1884, aliutofautisha ulazima mgumu, usiokubali uhuru wowote, na ulazima laini, unaodai kwamba tendo linaweza kuwa na visababishi na bado likaitwa huru. Yeye mwenyewe aliudharau huo wa pili na kuuona ni kinamasi cha kukwepa swali, kwa hiyo usimtaje kama mtetezi wake. Mimi nadhani kinamasi hicho kinavukika, mradi uwe na kipimo. Jiulize: kama mtoto wake angekuja mbio kilabuni kusema kwamba mama ameanguka jikoni, fundi angeliweka kopo chini na kuondoka? Ikiwa ndiyo, tendo lake bado linaitikia sababu nzuri za kuliacha, hata kama salamu, msimu na urithi vilimsukuma kuketi. Ikiwa hapana, uhuru wake jioni ile ulikuwa umepungua sana.

Katika hitimisho, chukua msimamo kuhusu fundi, kisha taja ni habari gani ingekufanya uubadili. Wangu huwa hivi: visababishi vya kuketi kwake vilikuwepo, lakini hakulazimishwa, na kama ningeambiwa kwamba kila asubuhi mikono yake ilitetemeka hadi akashindwa kukaza nati mpaka apate kopo la kwanza, ningeifuta sentensi hiyo na kuanza upya.