Kazi za wikendi Dodoma: zimalize Jumamosi kabla ya saa saba mchana

Wikendi huliwa na kazi zinazotapakaa: unafua kidogo Jumamosi, Jumapili usiku uko na pasi. Ratiba hii inazikusanya asubuhi moja, kwa nyumba ya watu watatu au wanne wanaofua kwa mkono.

1. Ijumaa jioni. Jaza madumu sita ya lita 20. Ukitegemea bomba la Jumamosi na ikaangukia siku ya mgao, ratiba yote imekufa. Chambua maharage kilo 1, uyaloweke na robo kijiko cha chai cha magadi. Maji ya visima vya huku mengi yana chumvichumvi, na maharage makavu huchelewa kuiva ndani yake.

2. Saa 12 asubuhi. Mwaga maji ya kulowekea, weka mengine, bandika. Yakichemka, loweka nguo dakika 30. Anza na nyeupe, fuata za rangi, malizia soksi na matambara katika povu hilohilo. Povu likikataa, chumvi ya maji ndiyo sababu. Sabuni ya unga huvumilia kuliko ya mche. Suuza mara mbili: maji ya kwanza yapeleke chooni, ya pili yaweke ya kudekia.

Anika kabla ya saa 3, nguo umezigeuza ndani nje, maana jua la hapa linapausha rangi. Kuanzia Juni hadi Oktoba usiziache kambani mchana kutwa. Upepo ukishika kasi, vumbi linaganda kwenye nguo mbichi na unarudi kwenye beseni. Mashati yaanue yakiwa na unyevunyevu kwenye kola na uyapige pasi palepale. Yakikauka kabisa utayanyunyizia maji upya. Piga pasi nguo za kazini za siku tano tu. Mashuka hayahitaji pasi, kwa kweli.

3. Vumbi. Funga madirisha ya upande unaotoka upepo. Kung'uta mapazia, futa rafu kwa kitambaa kibichi, fagia, ndipo udeki. Ukianza kudeki, vumbi la juu litashukia sakafu yenye maji na kuwa tope.

4. Soko. Mwingine aende Majengo au Sabasaba wakati nguo ziko kambani. Mboga za majani za siku mbili zinatosha; mlenda mkavu unakaa, nunua wa wiki.

5. Saa 7 mchana, simama. Kilichobaki kiandike kwa Jumamosi ijayo, hata kama ni kabati tu. Ukitaka kulala, dakika 20 hadi 30 na uwe umeamka kabla ya saa 9, la sivyo usiku utakesha. Maharage yakipoa yagawe mafungu manne: mawili kwenye friji, yaliwe ndani ya siku tatu, mawili kwenye friza.

6. Jumapili. Kupika na vyombo tu, kwa zamu. Mgeni akija, sakafu ya jana inamtosha.