Picha halisi za majengo: anza na jua
Kama umesoma usanifu majengo na unataka kuhamia kwenye kutengeneza picha za majengo zinazofanana na halisi, usipoteze muda kubishania programu. Blender, programu ya kompyuta ya kuunda picha za 3D, ni ya bure na inatosha. Hangaika na jua kwanza. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta: saa sita mchana mwezi Juni jua liko kaskazini, Desemba liko kusini, na nyakati zote mbili liko juu sana. Picha ya saa hiyo hukupa paa linalong'aa na kuta bapa. Shusha jua hadi kama saa kumi na moja jioni, kivuli cha nguzo za baraza kilale ukutani, uone tofauti.

Kamera iwe mita 1.6 hivi, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na mistari ya wima ibaki wima. Kona za meza na fremu zilainishe kwa milimita 2 au 3, kona kali kama wembe hazishiki mwanga, na jicho hushtuka mara moja.