Somo: Kifusi kinaenda wapi chombo kikigonga asteroidi?

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita niliahidi kueleza kifusi kinaenda wapi chombo cha anga kikigonga asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka jua. Deni hilo hili hapa. Tafuteni beseni, unga na gololi, maana tunaanzia jikoni.

Hatua ya 1: Gonga unga. Jaza unga kina cha vidole vinne, nyunyiza juu yake majani makavu ya chai, kisha angusha gololi kutoka usawa wa kifua. Gololi inashuka, unga unapanda, tena unatanuka pande zote kama mdomo wa faneli. Angalia majani ya chai yametua wapi. Yale ya juu, karibu na ilipogonga gololi, ndiyo yamefika mbali. Unga wa chini umeishia kwenye kingo za shimo. Fagia kabla mwenye jiko hajarudi.

Hatua ya 2: Punguza mvutano. DART, chombo cha NASA cha kujaribu kusukuma asteroidi, chenye kilo karibu 580, kiliigonga asteroidi Dimorphos tarehe 27 Septemba 2022, saa 8 na dakika 14 usiku kwa saa zetu, kikienda kilomita 6 kwa sekunde. Dimorphos ina upana wa mita 150 hivi na inamzunguka kaka yake, Didymos, mwenye mita 780 hivi. Mvutano wake ni mdogo mno: jiwe likirushwa kwa sentimita 10 tu kwa sekunde, mwendo wa kobe, linaihama. Labda Didymos alidake.

Hatua ya 3: Tenga vya mbio na vya polepole. Vumbi la kwanza lilitoka kwa karibu kilomita 1 kwa sekunde. Waliolinasa ni pamoja na wapenzi wa anga wenye darubini ndogo kisiwani Réunion na hapo Nairobi! Dakika 3 hivi baadaye LICIACube, kichombo cha Waitalia, kikapita na kupiga picha za faneli ileile ya jikoni, imejaa michirizi. Mawe makubwa hayakuwa na haraka. Mwezi Desemba darubini ya Hubble iliyaona 37, kubwa kabisa likiwa na mita karibu 7, yanajikokota chini ya kilomita 1 kwa saa.

Hatua ya 4: Mwachie jua apepete. Mwanga wa jua unasukuma. Kwa jiwe ni kazi bure, ila chembe ndogo zinapeperushwa kama pumba kwenye ungo. Siku mbili baada ya mgongano, darubini iliyoko Chile ilipiga picha ya mkia wenye urefu wa zaidi ya kilomita 10,000.

Hatua ya 5: Hesabu teke. Ukiruka kutoka kwenye mtumbwi, mtumbwi unarudi nyuma. Kifusi kiliruka, Dimorphos ikasukumwa. Mzunguko wake wa saa 11 na dakika 55 ulipungua kwa dakika kama 33. Msukumo wote ulikadiriwa kuwa mara 3.6 ya ule ambao chombo peke yake kingetoa. Kwangu mimi utamu wa somo lote uko hapa: kifusi kilifanya kazi kubwa kuliko chombo.

MASWALI

*Mkuu, mtumbwi nimeuelewa. Je, ingekuwa jiwe moja gumu?*
Kifusi kingekuwa kidogo, na teke lingekuwa dogo. Picha za mwisho za DART zilionyesha uso uliojaa mawe yaliyorundikana, kama kokoto zilizomwagwa saiti.

*Hayo mawe hayatatuangukia huku?*
Hapana. Mgongano ulitokea kilomita milioni 11 kutoka kwetu, na mawe hayo yanaendelea kulizunguka jua karibu na njia ya Didymos.

*Mbona picha ya shimo hatujaiona?*
LICIACube ilipopita, vumbi lilikuwa limefunika kila kitu. Wazungu wa Ulaya walirusha chombo chao, Hera, kwenda kuangalia tarehe 7 Oktoba 2024, ratiba yake ni kufika mwishoni mwa 2026. Msishangae ikikuta hakuna shimo la kawaida. Huenda umbo lote limebadilika.

*Mwalimu, mimi sina unga wa kuchezea, nimetumia mchanga wa uani. Hakuna kilichoruka, gololi imezama tu.*
Mvua ilinyesha kwenu?

*Jana usiku.*
Basi chembe zimeshikana, mdogo wangu. Anika mchanga juani, rudia, halafu pima kwa rula umbali wa majani ya chai. Uje na namba zote mbili, za mbichi na za mkavu.