Kushona Begi la Shule Lenye Nafasi kwa Mara ya Kwanza

Anayeshona begi la shule kwa mara ya kwanza, akitaka liwe kubwa, huongeza urefu na upana wa uso wake, kisha hugundua kwamba kaunta buku nne, chupa ya maji na kontena la chakula bado vinabanana. Nafasi ya begi hutoka kwenye kitako. Begi la sentimita 30 kwa 40 lisilo na kitako ni sawa na bahasha, lakini begi hilohilo likipewa kitako cha sentimita 14 hupata ujazo wa karibu lita 17, nalo husimama lenyewe chini ya dawati bila kuanguka. Maelezo yanayofuata yanahusu begi la aina hiyo: la kubeba mgongoni, lenye mikanda miwili, mfuko mmoja wa mbele na kifuniko kinachofungwa kwa bizimu.

Nimechagua kifuniko badala ya zipu kwa makusudi. Kushona zipu kwenye kona ya mviringo ni kazi ngumu kuliko zote katika mabegi, na zipu ndiyo huharibika mapema mtoto anapolazimisha begi lililojaa lifungike. Mshonaji anayeanza atapata begi imara zaidi akiiacha zipu kwa begi la pili au la tatu.

Kitambaa na vifaa

Kitambaa cha nje kiwe kizito. Turubai la pamba linafaa sana, na jinzi nzito pia, hata ile ya suruali za mitumba kutoka Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, ambazo mara nyingi kitambaa chake ni kizito kuliko jinzi mpya ya bei nafuu. Ukitumia suruali utalazimika kuunganisha vipande, kwa sababu mguu mmoja hautoshi upana unaohitajika. Hakikisha mshono wa kuunganisha unakwenda wima, kutoka mdomo wa begi hadi kitako, wala haukatizi kitako kwa upana, maana mzigo hufumua kwanza mshono uliokatiza mahali unapokandamizwa. Kitenge peke yake hakifai kwa nje, ila kwa bitana, yaani kitambaa cha ndani, ni kizuri mno: ni chepesi, hakichuji rangi kirahisi kikiwa cha ubora, na rangi zake humsaidia mtoto kuona kalamu iliyozama chini ya begi.

Turubai lenye upana wa sentimita 150, mita 1 inatosha begi zima, na kwa bitana mita 1 ya kitenge inatosha. Loweka turubai usiku kucha, likaushe, kisha lipige pasi kabla ya kukata, kwa kuwa pamba hunywea ikilowa kwa mara ya kwanza. Ongeza mkanda wa nailoni wa upana wa sentimita 2.5 urefu wa mita 2, bizimu moja ya kubana, bizimu mbili za kurekebishia urefu wa mikanda, na kipande cha sponji chenye unene wa sentimita 1. Uzi uwe wa poliesta, kwa sababu wa pamba hudhoofishwa na jasho na mvua. Sindano iwe namba 16, na namba 18 iwe karibu kwa sehemu zenye matabaka mengi.

Cherehani yoyote iliyo nzima itafanya kazi hii, lakini ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, ambayo majumbani mwetu imerithiwa na kizazi baada ya kizazi, hushona turubai vizuri kuliko mashine nyingi ndogo za umeme, tena humruhusu anayejifunza kwenda polepole. Weka urefu wa mshono kwenye milimita 3 hadi 3.5. Jaribu kwanza kwenye kipande cha turubai kilichokunjwa mara nne: ukiona vitanzi vya uzi upande wa chini, uzi wa juu umelegea na unahitaji kukazwa kidogo.

Vipimo

Kanuni ya kukata ni fupi, nayo itakusaidia kubadilisha ukubwa wowote utakaoutaka baadaye. Upana wa kipande kikuu ni upana wa begi, ukiongeza kina cha kitako, ukiongeza sentimita 3 za akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo. Urefu wake ni kimo cha begi mara mbili, ukiongeza kina cha kitako, ukiongeza sentimita 3. Kwa begi letu, upana unakuwa 30 + 14 + 3, yaani sentimita 47, na urefu unakuwa 40 + 40 + 14 + 3, yaani sentimita 97. Kipande hiki ni kimoja, mbele na nyuma pamoja, kwa hiyo chini ya begi hapatakuwa na mshono wa kuunganisha. Kwa mtoto wa darasa la tatu au la nne, punguza kimo hadi sentimita 34 na kitako hadi 12, kisha piga hesabu upya na usogeze mfuko na mikanda kwa uwiano huo.

Kata pia kifuniko cha upana wa sentimita 33 na urefu wa 35, mfuko wa mbele wa 29 kwa 26.5, vipande viwili vya mikanda ya mabegani vya 13 kwa 45, na kipande cha kuimarisha kitako cha 32 kwa 16. Mikanda ikatwe kwa kufuata urefu wa kitambaa, sambamba na pambizo lake, maana kitambaa hunyooka kidogo sana upande huo. Mabaki ya turubai yahifadhi. Yatahitajika kwa viraka. Kwenye kitenge kata bitana ya sentimita 47 kwa 95, pungufu ya nje kwa sentimita 2 ili isijikunje ndani, na bitana ya kifuniko ya 33 kwa 35.

Kunja kipande kikuu katikati ya urefu wake, piga mstari wa chaki kwenye mkunjo, kisha chora mistari mingine miwili iliyo umbali wa sentimita 7 kila upande wa mkunjo huo. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo kilipo kitako. Andika kwa chaki, upande wa ndani, neno MBELE kwenye nusu moja na MGONGO kwenye nyingine. Jambo hili dogo litakuepusha kushona mfuko mahali pa mikanda.

Kazi ya kitambaa kikiwa bapa

Kila kitu kinachokaa nje ya begi kishonwe kabla begi halijafungwa, kwa sababu ukishaunganisha pembeni huwezi tena kulaza kitambaa vizuri chini ya sindano. Anza na kitako: weka kipande cha kuimarisha upande wa ndani, katikati ya eneo ulilochora, ukishone kuzunguka pande zote nne.

Kwenye mfuko wa mbele, kunja ukingo wa juu mara mbili, sentimita 1.5 kila mara, ushone. Kunja pande tatu zilizobaki sentimita 1.5 kwenda ndani na uzipige pasi. Uweke katikati ya nusu ya MBELE, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 3 juu ya mstari wa kitako. Chini ya ukingo huo, katikati, chomeka mkanda wa nailoni wa sentimita 25 uliovishwa nusu moja ya bizimu ya kubana, halafu shona mfuko pande tatu kwa mistari miwili sambamba. Kwa vipimo hivi kifuniko kitashuka sentimita 3 chini ya mdomo wa mfuko, na mvua ya ghafla haitaingia humo moja kwa moja.

Mikanda ya mabegani ndiyo inayostahili subira yako yote. Begi la kwanza nililoshona lilikatika mkanda katika wiki ya tatu ya muhula, nalo lilikuwa limeshonwa kwa uzi mzuri na turubai zuri. Kosa lilikuwa kwamba mkanda ulishikiliwa na tabaka moja tu la kitambaa, na tabaka hilo ndilo lililochanika, mshono wenyewe ukabaki mzima. Tangu siku hiyo sishoni mkanda bila kiraka mbele na kiraka kingine nyuma ya kitambaa.

Kunja kila kipande cha mkanda sentimita 1.5 pande zake mbili ndefu na ncha ya chini, weka sponji ya upana wa sentimita 4.5 na urefu wa 38, kisha ukunje mkanda katikati ili uifunike na upate upana wa sentimita 5. Sentimita 5 za ncha ya juu zibaki bila sponji. Kabla ya kufunga ncha ya chini, chomeka kipande cha nailoni cha sentimita 8 kilichokunjwa na kupitishwa kwenye bizimu ya kurekebishia. Piga bandi kwa mkono kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, kwa sababu sponji huteleza, halafu shona kuzunguka mkanda wote.

Laza mikanda miwili kwenye nusu ya MGONGO, ikielekea chini, huku nafasi ya sentimita 5 ikiachwa kati yake. Katika nafasi hiyo weka ncha mbili za kishikio, yaani nailoni ya sentimita 22 inayoelekea juu. Funika ncha zote kwa kiraka cha turubai cha sentimita 21 kwa 8, kingo zake zikiwa zimekunjwa ndani, na ukingo wa juu wa kiraka uwe sentimita 4 chini ya mdomo wa begi. Weka kiraka kingine cha ukubwa huo upande wa ndani. Shona mstatili kuzunguka, kisha katika kila mkanda shona alama ya X kutoka kona hadi kona, mara mbili. Hapa matabaka ni mengi: badilisha sindano iwe namba 18, gonga mikunjo polepole kwa nyundo ili ilale, na pale mashine inapokwama zungusha gurudumu kwa mkono badala ya kuilazimisha.

Chini, shona nailoni mbili za sentimita 45, kila moja ikiwa sentimita 8.5 kutoka ukingo wa pembeni na sentimita 3 juu ya mstari wa kitako, zikielekea juu kwa mshazari kidogo. Nazo zipate viraka vya mbele na nyuma na alama ya X. Baadaye zitapita kwenye bizimu za mikanda.

Kuunganisha

Kunja kipande kikuu, uso kwa uso, ukiingiza mikanda ndani ili isikamatwe na mshono. Shona pande mbili kwa akiba ya sentimita 1.5, ukirudisha mshono nyuma mwanzoni na mwishoni, halafu ongeza mstari wa pili nusu sentimita karibu na ukingo.

Sasa kinakuja kitako, na wengi hukiogopa bure. Shika kona moja ya chini, uifungue mpaka mshono wa pembeni ulale juu ya mstari wa katikati ya kitako. Kona itakuwa na umbo la pembetatu. Pima kwa rula mahali ambapo pembetatu hiyo ina upana wa sentimita 14 kamili, na mshono ukiwa katikati, saba huku na saba huku. Chora mstari na ushone mara mbili juu yake. Usikate pembetatu, ilaze kwenye kitako na uishikize kwa mishono michache ya mkono, nayo itaongeza uimara. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Bitana hushonwa kwa namna ileile, isipokuwa unaacha uwazi wa sentimita 15 katika mshono mmoja wa pembeni.

Kwa kifuniko, kwanza shikiza nusu ya pili ya bizimu, kwa nailoni ya sentimita 8, katikati ya ukingo wa chini wa turubai. Kisha weka turubai na bitana uso kwa uso, shona pande tatu, punguza kona, geuza, piga pasi, na upitishe mshono wa juu kandokando.

Geuza begi la nje liwe na uso nje, ulitumbukize ndani ya bitana ambayo uso wake uko ndani. Chomeka kifuniko kati yao upande wa MGONGO, turubai lake likigusa turubai la begi, likiwa katikati kabisa. Linganisha mishono ya pembeni, piga bandi mdomo wote, na ushone kuzunguka kwa akiba ya sentimita 1.5. Vuta begi lote lipite kwenye ule uwazi wa bitana. Mdomo wa begi upigwe pasi na mshono wa juu nusu sentimita kutoka ukingoni. Uwazi wa bitana uzibwe kwa mkono.

Kabla mtoto hajalibeba, lijaze vitabu vya kilo 4 hadi 5 na ulitundike kwa mikanda yake usiku mzima. Asubuhi kagua viraka vyote: mahali ambapo matundu ya sindano yamepanuka, ongeza mshono. Wataalamu wengi wa afya ya mgongo hushauri mzigo usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto, hivyo mtoto wa kilo 30 asibebeshwe zaidi ya kilo 4.5, hata kama begi lina nafasi ya zaidi. Kaza mikanda mpaka begi liguse mgongo na kitako chake kisishuke chini ya nyonga, na vitabu vizito vipangwe upande wa mgongoni. Likichafuka, lifuliwe kwa mkono kwa maji baridi na kuanikwa kivulini likiwa limegeuzwa bitana nje.