Kabla hujalipia jina la mgahawa wa Kithai hapa Arusha

Mkataba ukiletwa, ruka picha za tambi, nenda kwenye mrabaha, yaani malipo unayowapa wenye jina kwa kulitumia. Swali ni moja: wanakata kwenye mauzo au kwenye faida? Wangu ulisema mauzo, asilimia 6. Ukiuza milioni 20 kwa mwezi, milioni 1.2 imeondoka kabla hujalipa pango wala mpishi. Halafu kuna kodi ya zuio ya asilimia 15 juu ya mrabaha huo, unayoikata kwenye malipo yao na kuipeleka TRA. Kama mkataba unadai wapokee kiasi kamili bila makato, kodi hiyo ni yako. Mimi niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimeshasaini, wakili akanitazama tu.

Pigia hesabu Aprili na Mei, masika, watalii wakiwa wamepungua. Meza za Njiro zitajazwa na wenyeji, nao wanataka sahani ya kushiba. Jaza makadirio yako kwa miezi hiyo, siyo Julai.

Dai ruhusa ya maandishi ya kununua hapahapa. Tangawizi, pilipili, mchaichai na giligilani vipo soko la Kilombero. Kulazimishwa kuagiza kila kitu kwao ni mrabaha wa pili. Mchuzi wa samaki sawa, agiza.

Jiko la karai linahitaji moto mkali. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ni wa nyumbani. Anza na wa kilo 38, uwe na wa akiba.

TIN, leseni na zimamoto unavijua. Leseni ya vileo ni ya peke yake, iombe mapema.