Ngombe ikitupa mimba, usishike na mikono mitupu

Bandugu benye munafuga kule Masisi na hapa pembeni ya Goma, ngombe ikitupa mimba, zaidi ile ya myezi 5 kwenda juu, usianze kuvuta kondo ya nyuma na mikono mitupu, inaweza kuwa brusela (ugonjwa ya ngombe yenye inaambukizaka na bantu) na ile mikrobe inapitia hata kwa kidonda kidogo cha kidole. Vaa ga (gants za mikono), kama haiko funga sashe mbili mbili kwa mikono, bamama benye mimba bakae mbali, kisha ile mimba na kondo uchome ao uzike chini sana (kwenye mawe ya volkano kuchimba ni mateso, afazali kuchoma) juu imbwa ikikula itatembeza ugonjwa kwa majirani. Maziwa nayo uchemushe mpaka itokote, hata ya kufanya mashanza (maziwa ya kuganda), kuganda peke yake haiuwake mikrobe yote. Na kama uko na homa yenye inaenda inarudi, jasho usiku, mugongo na viungo vinauma na dawa ya malaria haisaidie, ambia munganga mapema kama unafugaka, bila ile atakupimisha tifoide tu, kumbe brusela inaombaka dawa mbili pamoja, wiki 6 hivi.