Kumfunza askari wa chuo kabla ya zogo kuzuka

Tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya jua kuchomoza, washambuliaji waliwaua askari wa langoni wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa, na watu 148 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, hitilafu ya umeme ilitoa mlipuko usiku, wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakajirusha kutoka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Novemba 30 mwaka huohuo, zoezi la kuigiza shambulio katika Chuo Kikuu cha Strathmore lilizua taharuki, na mfanyakazi mmoja akafa. Anayeandaa mafunzo ya askari wa chuo nchini Kenya ayasome matukio haya matatu kwa pamoja, kwa kuwa mawili kati yake hayakuwa na adui hata mmoja.

Aanze na usajili. Sheria ya udhibiti wa ulinzi wa kibinafsi ya mwaka 2016 inamtaka mlinzi wa kibinafsi awe amesajiliwa na amepata mafunzo. Chuo kinachokodi kampuni ya ulinzi kidai ushahidi wa kila askari kwa jina lake, wala kisiridhike na barua moja ya kampuni, maana kampuni huhamisha walinzi kutoka lindo hadi lindo, na aliyelinda ghala la saruji jana huenda leo amepangiwa lango la mabweni ya wasichana.

Saa nyingi zaidi za mafunzo, nyingi kuliko zile ambazo wakufunzi hupenda kuzimalizia kwenye gwaride, zitengewe mazungumzo ya langoni. Askari mmoja aigize mwanafunzi anayerudi saa tano usiku bila kitambulisho, amelewa kidogo, na wenzake wamesimama nyuma wakicheka. Anayefunzwa asimame kiupande, hatua mbili kutoka kwa mhusika, viganja vikionekana na rungu likibaki kiunoni. Akifoka, "Wewe nani? Toka hapa!" atakuwa amewaita marafiki wote waje kumtetea mwenzao; lakini akisema, "Kijana wangu, hebu njoo hapa pembeni tulitafute jina lako kwenye daftari," atamtoa mbele ya watazamaji, na kijana ataweza kutii bila kuona ameaibishwa. Zoezi hili lirudiwe mara nyingi, na safari moja mwigizaji atoe tusi linalomgusa mama yake askari, kwa sababu hapo ndipo wengi hushindwa na hasira.

Mipaka ya nguvu ifundishwe kwa lugha nyepesi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, vifungu vya 34 na 35, humruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini humtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kumfungia mwanafunzi kwenye kibanda cha lango hadi asubuhi "ili apate adabu" ni kosa la askari mwenyewe.

Vurugu nyingine huja kwa kujitangaza. Mwanamume anayefika kwenye lango la bweni jioni tatu mfululizo, akimuulizia msichana ambaye hataki kutoka, si mgeni wa kawaida, hata akija na zawadi na salamu nzuri. Askari aandike jina, saa na maneno aliyoyasikia, amweleze mwenzake wanapopokezana zamu, na taarifa ifike kwa mlezi wa wanafunzi siku hiyohiyo. Msichana huyo asiulizwe alimkosea nini.

Kuhusu mazoezi ya dharura, nashauri milio ya risasi isitumiwe kabisa, hata ya bandia. Watu wote chuoni watangaziwe zoezi mapema kwa maandishi na kwa mdomo, wakiwemo wapishi, wafagizi na wenye vibanda vya vitafunio ndani ya uzio, na kituo cha polisi cha karibu kijulishwe. Kinachopimwa si ujasiri wa mtu. Hupimwa iwapo redio zinasikika kutoka bweni la mbali, iwapo kila askari anatamka agizo lilelile badala ya kila mmoja kupiga kelele yake, na iwapo milango ya nyuma inafunguka. Mlango wa nyuma ndio unaonitia wasiwasi zaidi, maana hutiwa kufuli kwa kuogopa wezi, kisha ukasahaulika. Askari wa zamu ya usiku akabidhiwe fungu zima la funguo, taa zizimwe, aambiwe aufungue huku msimamizi akiangalia saa. Akipapasa funguo zote kabla ya kuupata unaohusika, ufunguo huo utiwe alama inayotambulika kwa kidole, na wiki inayofuata ajaribiwe askari mwingine.